Uzi: Nyama mbadala mpya zinapoombewa kibali, nani anathibitisha usalama wake na kwa ushahidi gani?

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kila likiletwa humu huishia kwenye mvutano kati ya wanaosema chakula cha asili pekee ndicho salama na wanaosema teknolojia haizuiliki. Swali langu ni hili: kampuni inapotengeneza chakula kipya cha kuchukua nafasi ya nyama, chakula ambacho hakuna kizazi chochote kilichowahi kukila, ni nani anayepaswa kuthibitisha kwamba kiko salama, athibitishe lini, na kwa ushahidi wa aina gani? Kwangu mimi jibu la swali hili lina uzito kuliko kujua kama chakula hicho kimetoka shambani au kwenye tangi la kiwandani. Nitaeleza kwa kutumia tukio la Marekani ambalo nyaraka zake ziliwekwa wazi na ambalo tunajua liliishia wapi.

Kampuni ya Impossible Foods ya California ilikuwa inatafuta namna ya kuipa baga ya mimea ladha na rangi ya nyama ya ng'ombe. Wanasayansi wake waliona kwamba siri iko kwenye hemu, molekuli yenye madini ya chuma ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake na ambayo huizalishia nyama harufu yake inapokutana na moto. Mimea ya jamii ya kunde nayo ina hemu. Ukiung'oa mche wa soya wenye afya na kukipasua kwa ukucha kinundu kimoja kwenye mizizi yake, utakuta ndani rangi ya waridi inayokaribia wekundu. Rangi hiyo ni ya protini iitwayo leghemoglobini, ambayo hudhibiti oksijeni ili bakteria wanaonasa nitrojeni waweze kufanya kazi yao. Kwa kuwa kuvuna mizizi ya soya kwa ajili ya baga kusingewezekana kibiashara, kampuni ilikichukua kinasaba cha soya kinachotengeneza protini hiyo, ikakipandikiza kwenye hamira iitwayo Pichia pastoris, na hamira hiyo ikawa inaizalisha protini kwa wingi ndani ya matangi.

Soya imeliwa kwa karne nyingi, lakini kinacholiwa ni punje zake. Vinundu vya mizizi si chakula cha mtu. Kwa hiyo hoja ya kwamba soya tunaijua haikuweza kuibeba leghemoglobini hadi mwisho.

Mwaka 2014 kampuni iliipelekea Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, maelezo ya kwa nini iliona protini hiyo ni salama. Mwaka 2015 wataalamu wa FDA walijibu kwamba hoja zilizotolewa, moja moja na hata zikijumlishwa, hazikutosha kuthibitisha usalama. Walitaka kujua zaidi kuhusu mzio, na pia kuhusu protini nyingine za hamira ambazo zilibaki kwenye mchanganyiko pamoja na ile iliyokusudiwa. Kampuni iliyaondoa maombi yake. Hata hivyo, Julai 2016 baga ilianza kuuzwa katika mgahawa mmoja wa New York.

Naomba hapa tuwe makini, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa. Tangu marekebisho ya mwaka 1958, sheria ya chakula ya Marekani ina mlango unaojulikana kwa ufupisho wa GRAS, yaani kitu kinachotambuliwa na wataalamu kwa ujumla kuwa ni salama. Kampuni inaweza kufikia uamuzi huo yenyewe, kwa kutumia wataalamu iliowachagua na kuwalipa, na kuiarifu FDA ni jambo la hiari. Wananchi wengi walipata habari za mashaka ya FDA mwaka 2017, baada ya mashirika ya kiraia kuzipata barua hizo kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari.

Baadaye ushahidi ulikuja. Kampuni iliwasilisha maombi mapya mwaka 2017 yakiwa na vipimo ambavyo havikuwemo mwanzo. Panya walilishwa leghemoglobini kwa siku 28 hadi kiwango cha miligramu 750 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, zaidi ya mara 200 ya kile ambacho walaji wakubwa walikadiriwa kukila, na hakuna madhara yaliyoonekana. Protini iliwekwa kwenye kimiminika chenye pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, na ukali wa asidi unaofanana na wa tumboni, ikavunjika upesi. Mpangilio wake ulilinganishwa na ule wa protini zinazojulikana kusababisha mzio, na kufanana kwa kutia wasiwasi hakukuonekana. Julai 2018 FDA ilisema haikuwa na maswali zaidi. Mwaka 2019 iliiruhusu protini hiyo kutumika kama rangi ya chakula, kwa sharti kwamba isizidi asilimia 0.8 ya uzito wa bidhaa ikiwa mbichi. Shirika moja la kutetea usalama wa chakula lilikwenda mahakamani kuupinga uamuzi huo, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilikubaliana na FDA.

Kwa hiyo bidhaa ilionekana kuwa salama. Linalonisumbua ni kwamba watu walioila kati ya 2016 na 2018 waliila kwa neno la muuzaji, wakati mamlaka ya nchi yao ilikuwa imekwisha kuandika kwamba neno hilo halitoshi. Matokeo mazuri ya baadaye hayaufanyi utaratibu ule kuwa mzuri. Karibuni kwa michango.

#2 – Mchangiaji, Arusha

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo marefu na yaliyopangika. Mimi hata hivyo nabaki na msimamo kwamba vitu hivi tuvipige marufuku moja kwa moja. Italia ilipitisha sheria Novemba 2023 ya kuzuia nyama ya seli, yaani inayokuzwa kwenye matangi kutokana na seli za mnyama, isitengenezwe wala kuuzwa nchini humo. Florida na Alabama, ambayo ni majimbo ya Marekani hiyo hiyo unayoisema, yalifanya vivyo hivyo mwaka 2024. Kama watu wenye maabara kubwa wanakataa, sisi tunatafuta nini? Na hizo siku 28 za panya unazozitaja ni chache mno. Binadamu atakula kwa miaka 50.

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Arusha, hoja yako ya siku 28 ni nzito na nitamwachia mwenye taaluma aijibu. Kuhusu marufuku naomba nitofautiane nawe kwa heshima.

Marufuku si tathmini. Ukizisoma sababu zilizotolewa na wanasiasa wa Italia na wa Florida, utakuta kulinda wafugaji na utamaduni wa chakula vimepewa nafasi kubwa. Hizo ni sababu ambazo nchi ina haki ya kuwa nazo, na mfugaji wa Simanjiro ana haki ya kusikilizwa kama mfugaji wa Italia. Lakini zisivalishwe koti la usalama, kwa sababu siku itakapokuja bidhaa yenye hatari ya kweli, neno "usalama" litakuwa limekwisha kupoteza nguvu yake.

Kuna jambo jingine: marufuku hiyo utaiandikaje? Nyama ya soya, vile vipande vikavu tunavyoviloweka na kuviunga kwa nyanya na vitunguu, imo madukani Tanzania na Kenya kwa muda mrefu na imekuwa mboga ya kaya nyingi. Ni mbadala wa nyama. Je, nayo tuizuie? Bila shaka utasema hapana, hiyo tunaijua. Basi hapo tayari umekubali kwamba tunahitaji kipimo cha kutenganisha kinachojulikana na kisichojulikana. Umoja wa Ulaya ulichagua tarehe: chakula ambacho hakikuwa kikiliwa kwa kiwango kikubwa ndani ya Umoja huo kabla ya tarehe 15 Mei 1997 ni chakula kipya, na hakiuzwi mpaka kipate kibali. Singapore inatazama kama kuna historia ya kuliwa kwa usalama na kundi kubwa la watu kwa angalau miaka 20.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2015 ina kifungu ambacho nadhani wengi wetu hatukijui. Chakula kinachotokana na kilimo, ufugaji au mazao mengine ya awali, na ambacho kimeliwa kwa angalau miaka 25 mfululizo katika nchi isiyo ya Umoja huo, kinaweza kupitia njia fupi zaidi. Maana yake ni kwamba historia ya ulaji wa wazee wa Kagera na senene wao, wale panzi wanaoliwa, ni aina ya ushahidi, mradi iandikwe vizuri: nani walikula, kiasi gani, kwa kutayarisha vipi, na madhara gani yalijulikana. Sisi wenyewe hatujaipa historia hiyo uzito wa kutosha.

#4 – Mchangiaji, mtaalamu wa maabara ya chakula, Nairobi

Nashukuru kwa kuachiwa nafasi. Nianze na hizo siku 28.

Urefu wa jaribio hauchaguliwi ili ulingane na maisha ya binadamu. Wanaofanya tathmini huanza na swali: kitu hiki ni nini hasa kikiingia mwilini? Protini inayovunjwa na vimeng'enya vya tumbo kuwa asidi amino zile zile zinazotokana na maharage haina njia inayoeleweka ya kujilimbikiza kwenye ini kwa miaka 20, kama inavyoweza kufanya kemikali inayoyeyuka kwenye mafuta. Kwa protini kama hiyo, hatari ya kuchunguzwa kwa makini ni mzio, sumu ya papo kwa papo, na uchafu uliobaki kutoka kwenye uzalishaji. Hata hivyo nakubaliana nawe kwa sehemu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, kwa kawaida hutarajia jaribio la siku 90 kwa vyakula vipya, na mimi ningependelea hivyo, hasa pale ambapo bidhaa si protini moja iliyosafishwa bali ni mchanganyiko.

Sasa niwape mfano ambao kwangu ndio mzuri kuliko wote, kwa kuwa unaonyesha tathmini ikibadilisha chakula chenyewe. Mwaka 1967, karibu na mji wa Marlow nchini Uingereza, watafiti wa kampuni ya Rank Hovis McDougall walipata kwenye udongo kuvu ambaye leo anaitwa Fusarium venenatum. Wakulima na wakaguzi wa mahindi wa Afrika Mashariki wakisikia jina Fusarium hushtuka, na wana haki, kwa sababu jamii hiyo ya kuvu ndiyo inayotuletea sumu iitwayo fumonisini kwenye mahindi. Mamlaka zilitaka kujua mambo mawili kabla ya yote. La kwanza ni kama kuvu huyo anatengeneza sumukuvu, yaani sumu zinazotolewa na kuvu. Jibu lilikuwa kwamba aina hiyo ina uwezo wa kuzitengeneza katika mazingira fulani, hivyo mazingira ya tangi yanadhibitiwa ili asizitengeneze, na bidhaa inapimwa mara kwa mara. Uwezo wa kutengeneza sumu haukufichwa. Ulipewa masharti.

La pili ndilo lisilofikiriwa na wengi. Kiumbe anayekua kwa kasi hujaa RNA, molekuli ambayo seli huitumia kutengeneza protini, na kuvu huyu akitoka kwenye tangi anakuwa na RNA ya takriban asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Mwili wa binadamu huigeuza RNA kuwa asidi ya yuriki, na asidi hiyo ikizidi huleta jongo na mawe kwenye figo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya miaka ya 1970 ilikuwa imeweka kikomo cha gramu 2 kwa siku za asidi nuklei (kundi ambalo RNA imo) zinazotokana na vyakula vya aina hii kwa mtu mzima. Sahani moja kubwa ya kuvu huyo akiwa ghafi ingekivuka kikomo hicho kwa urahisi. Suluhisho lilikuwa kuupasha moto ghafla ule mchuzi wa kuvu hadi kwenye nyuzi joto 64 hadi 68 hivi. Katika joto hilo ukuaji unakoma, lakini vimeng'enya vya kuvu mwenyewe vinaendelea kufanya kazi kwa dakika kadhaa. Vinaikatakata RNA yake, vipande vinavuja na kuingia kwenye maji, maji yanatenganishwa, na kinachobaki kina RNA chini ya asilimia 2. Kiwanda hupoteza sehemu kubwa ya uzito wa mazao kwa hatua hii. Bila sharti la usalama sidhani kama mfanyabiashara yeyote angeukubali upotevu huo.

Chakula hicho kiliruhusiwa Uingereza mwaka 1985, miaka 18 baada ya ugunduzi, na ndicho kinachouzwa kwa jina la Quorn.

Kwa wanaoamini kwamba cha asili ni salama kwa sababu ni cha asili, nikumbushe mwaka 2004 mashariki mwa Kenya. Watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa aflatoksini, ambayo nayo ni sumukuvu, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyolimwa huko huko na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Sisemi hivi ili kutetea viwanda. Nasema kwamba swali la sumukuvu linapaswa kuulizwa kwa ukali ule ule kwenye ghala la mkulima na kwenye tangi la kampuni.

#5 – Mchangiaji, Tanga

Habari za jioni. Mimi si mwanasayansi, ni mzazi. Mwanangu ana mzio wa kamba. Akila hata mchuzi uliopikiwa kamba, midomo inamvimba na kifua kinabana. Nimesoma kwamba Ulaya sasa wanauza unga wa wadudu unaochanganywa kwenye vyakula vya protini, na kwamba vyakula hivyo vinaweza kumdhuru mtu kama mwanangu. Je, hilo ni kweli? Na kama chakula kinaweza kumuua mtoto mmoja, wanakiitaje salama?

#6 – Mchangiaji, mtaalamu wa maabara ya chakula, Nairobi

Pole sana, dada, na ahsante kwa swali ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote katika uzi huu.

Ndiyo, ni kweli. Kamba, kaa, wadudu na hata wale utitiri wadogo wa vumbi la nyumbani wana protini inayofanana iitwayo tropomiosini. Kinga ya mwili iliyojifunza kuipinga kwa kamba inaweza kuipinga pia kwenye panzi au kwenye buu. EFSA ilipowatathmini mabuu wa manjano wanaofugwa kwenye unga, Januari 2021, ililieleza hilo bayana. Kibali kilipotolewa mwaka huo huo kiliambatana na sharti kwamba lebo iwaonye wenye mzio wa jamii ya kamba na wa vumbi. Kwa hiyo mwanao asipewe unga wa wadudu, na naomba tahadhari hiyo hiyo uichukue kwa senene mpaka daktari wa mzio amwone.

Kuhusu neno "salama": mamlaka haina maana kwamba hakuna mtu hata mmoja atakayedhurika. Karanga, maziwa, mayai na samaki vingefeli mtihani huo. Kinachopimwa ni kama walaji kwa ujumla watakuwa salama kwa kiwango cha ulaji kilichokadiriwa, na kama wale wanaoweza kudhurika wanaweza kujilinda. Sehemu ya pili ndiyo yenye kuhitaji uaminifu mkubwa. Mzio wa kitu kipya kabisa hauwezi kutabiriwa kikamilifu kwa kulinganisha mipangilio ya protini kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta hulinganisha na mizio inayojulikana tu. Ndiyo maana ufuatiliaji baada ya bidhaa kuingia sokoni si mapambo.

Quorn inafundisha hapa pia. FDA iliipokea mwaka 2002 bila pingamizi. Baada ya hapo shirika moja la walaji la Marekani lilikusanya kwa miaka mingi malalamiko ya watu waliosema walitapika au kupata mzio baada ya kuila. Taarifa za namna hiyo haziwezi peke yake kuthibitisha chanzo, na bidhaa haikuondolewa. Lakini makubaliano ya kesi yaliyofikiwa mwaka 2017 yaliifanya lebo ya Marekani iseme waziwazi kwamba kiambato hicho ni ukungu, wa jamii ya kuvu, na kwamba kumekuwa na matukio machache ya mzio. Ilichukua miaka 15 tangu FDA kuipokea mpaka sentensi hiyo kufika kwenye pakiti. Mimi nasema ilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

#7 – Mchangiaji, Mzanzibari niliyeko Muscat

Assalaam alaykum wanajukwaa. Hapa Ghuba mazungumzo ni kuhusu nyama ya seli, ile ya kukuzwa kwenye matangi. Watu wanauliza mambo mawili. La kwanza, wanasema seli zinazogawanyika bila ukomo ni sawa na seli za saratani, na anayezila atapata saratani. La pili ni uhalali wake kidini. Naomba ufafanuzi wa la kwanza, na la pili mkiweza.

#8 – Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Nitajaribu, na mtaalamu wetu anisahihishe.

Hofu ya saratani inaeleweka, lakini njia yake haionekani. Seli ya kuku ikitoka kwenye tangi haina uwezo wa kuishi nje ya kimiminika chenye virutubisho. Inakufa, inapikwa, kisha inavunjwa tumboni kama seli nyingine yoyote ya kuku. Ili ilete uvimbe ingelazimika kuyavuka yote hayo ikiwa hai na kisha kuishinda kinga ya mwili wa kiumbe wa aina nyingine. Maswali yenye uzito yako kwingine. Je, seli zilitoka kwa mnyama aliyepimwa magonjwa? Je, kimiminika cha kukuzia kina vichochea ukuaji gani, na kinabaki kiasi gani kwenye chakula? Je, dawa za kuua bakteria zilitumika? Je, seli zikigawanyika kizazi baada ya kizazi zinaanza kutengeneza kitu kisichokuwepo mwanzo? Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula, FAO, na ya afya, WHO, yalitoa ripoti mwaka 2023 iliyoorodhesha hatari 53 zinazoweza kujitokeza katika hatua za uzalishaji wake. Nyingi kati ya hizo, kama uchafuzi wa vimelea na mabaki ya kemikali, zimo pia kwenye vyakula tulivyovizoea.

Singapore ilikuwa nchi ya kwanza kutoa kibali, Desemba 2020, kwa kuku wa kampuni ya Eat Just. Kampuni ilionyesha matokeo ya mizunguko zaidi ya 20 ya uzalishaji kwenye matangi ya lita 1,200, ili kuthibitisha kwamba bidhaa inatoka vile vile kila mara. Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Mwanzoni seli zilikuzwa kwa kutumia seramu, yaani majimaji ya damu, ya ndama aliye tumboni mwa mama yake. Kampuni ilipotaka kuachana na seramu hiyo, haikubadilisha kimya kimya. Ilipata kibali kingine, Januari 2023. Hapo ndipo naona utaratibu unaoeleweka: kibali hakitolewi kwa "nyama ya seli" kama wazo, kinatolewa kwa bidhaa fulani, iliyotengenezwa kwa njia fulani, na njia ikibadilika unarudi mezani.

Marekani walifuata. FDA ilimaliza mashauriano ya kwanza Novemba 2022, na kampuni mbili zikaruhusiwa kuuza Juni 2023, FDA ikisimamia mpaka seli zinapovunwa na wizara ya kilimo ikisimamia kuanzia hapo.

Kuhusu uhalali, hilo ni la wanazuoni, na sitaki kuliingilia. Najua tu kwamba kamati ya fatwa ya Singapore mwaka 2024 iliona inaweza kuwa halali kwa masharti, likiwemo la kwamba seli zitoke kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa na viambato vyote viwe halali. Tazama kwamba sharti hilo haliwezi kutimizwa kama kampuni inaficha kilichomo kwenye kimiminika chake. Mwanazuoni na mtaalamu wa sumu wanahitaji jalada lile lile.

Na lebo nayo isomwe. Mwaka 2024 bidhaa iliyowekwa kwenye jokofu la bucha moja huko Singapore kama kuku wa seli ilikuwa na asilimia 3 tu ya seli za kuku, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa protini ya mimea. Mwenye mzio wa soya au wa ngano anahitaji kuijua hiyo 97 kuliko hiyo 3.

#9 – Mchangiaji, Arusha

Nimesoma yote. Nakubali kwamba marufuku bila sababu haitufikishi mbali, na maelezo ya RNA yamenifungua macho. Lakini swali langu la msingi mmelikwepa. Singapore ina wataalamu, Ulaya ina EFSA. Sisi bidhaa ikija kesho bandarini Dar es Salaam na karatasi zake nzuri, nani atazisoma? Na hao wanaofanya majaribio ya panya ni kampuni yenyewe inayotaka kuuza. Kwa nini niiamini?

#10 – Mwanzisha uzi

Ndugu, hukukwepwa, na nafurahi umelirudisha.

Nianze na pesa. Kwingi duniani mwombaji ndiye anayelipia majaribio, na mimi naona ni haki, kwa kuwa vinginevyo mlipakodi angelipia utafiti wa bidhaa ya mtu. Hatari ni mwombaji kufanya majaribio matano na kuleta lile moja lililompendeza. Ulaya walilitambua hilo. Tangu Machi 2021, kwa kanuni waliyoipitisha 2019, kila jaribio linaloagizwa kwa ajili ya maombi lazima liandikishwe EFSA kabla halijaanza. Likianza na lisionekane kwenye jalada, mwombaji anatakiwa kueleza lilikwenda wapi. Sehemu za jalada zisizo siri halali za biashara zinawekwa hadharani. Sharti hili ni la kiutawala. Halihitaji maabara ya mabilioni, linahitaji rejista na nia.

Kuhusu nani atasoma: Tanzania Bara usalama wa chakula uko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu mwaka 2019, majukumu hayo yalipoondolewa kwenye iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Zanzibar kuna wakala wa chakula na dawa, ZFDA, na Kenya kuna shirika la viwango, KEBS. Taasisi hizi zinaweza kutumia tathmini zilizofanywa na wengine bila kurudia kila jaribio la panya. Kutegemea tathmini ya mwenzio hakuna aibu, mradi ulisome jalada lake na si uamuzi wake tu.

Tukiishia kusoma uamuzi tu, tunayumba. Tukumbuke Kenya. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba walipata uvimbe. Novemba mwaka huo baraza la mawaziri la Kenya lilizuia uingizaji wa vyakula vya aina hiyo. Panya waliotumika walikuwa wa aina inayopata uvimbe kwa wingi hata bila kulishwa kitu chochote cha ajabu, na makundi yalikuwa madogo, panya 10 kila moja. Jarida liliuondoa utafiti huo mwaka 2013, ingawa ulichapishwa tena kwingine mwaka uliofuata. Zuio la Kenya lilidumu mpaka Oktoba 2022, na lilipoondolewa suala likaenda mahakamani. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri za kuyapinga mahindi hayo, kwa mfano umiliki wa mbegu. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa miaka kumi haukupaswa kuegemea utafiti mmoja ambao mtakwimu wa taasisi yetu yoyote angeweza kuuona udhaifu wake kwa siku moja, kama angeulizwa.

#11 – Mchangiaji, mtaalamu wa maabara ya chakula, Nairobi

Niongeze mambo mawili ambayo jalada la mgeni haliwezi kutujibia, na ambayo lazima tuyafanye wenyewe.

La kwanza ni kiasi. Tathmini ya Ulaya hutumia takwimu za ulaji za Ulaya. Mtu anayekula baga mara moja kwa wiki pamoja na maziwa, mayai na samaki si sawa na mtoto wa shule ya bweni ambaye shule yake imeamua kununua protini moja ya bei nafuu na kumpa kila siku pamoja na ugali. Kikomo kinachomlinda wa kwanza kinaweza kisimlinde wa pili, hasa kwa kitu kama RNA au chumvi. Kwa hiyo maombi yoyote yaletwe na makadirio ya ulaji ya hapa, yakiwahesabu watoto peke yao na yakiwahesabu wale wanaokula sana.

La pili ni lishe. Sheria ya Ulaya inasema chakula kipya kinachokusudiwa kuchukua nafasi ya kingine kisitofautiane nacho kiasi cha kumpunguzia mlaji lishe. Kwetu hili lina uzito zaidi. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu akiacha kipande cha ini au dagaa na kula mbadala usio na vitamini B12, au wenye chuma kilichofungwa na faiteti, kiini cha mimea kinachozuia chuma kufyonzwa, hatapata mzio wala sumu, na hakuna jaribio la panya litakalolia kengele. Atapungukiwa tu. Mwombaji aonyeshe ubora wa protini yake, kiasi cha chuma kinachofyonzwa, B12 na zinki, vikilinganishwa na chakula anachotaka kukiondoa kwenye sahani zetu na si na nyama ya ng'ombe wa Ulaya.

Dada wa Tanga, kuhusu mwanao, omba kupelekwa kliniki ya mzio katika hospitali ya rufaa, na uulizie kipimo cha ngozi cha kamba na cha vumbi la nyumbani kwa pamoja.

#12 – Mchangiaji, Tanga

Nashukuru sana. Nitakwenda naye wiki ijayo, na majibu nitayaleta hapa hapa kwenye uzi.